SAFARI YA KAZI NI KAZI
Somo la chama: daraja la biashara na daraja la kawaida katika safari ndefu za ndege



Huenda ukishaona kichwa cha somo hili utauliza: sisi watu wa viwandani na mashambani tuna shauri gani na viti vya ndege? Wengi wetu hatujapanda ndege hata mara moja. Nauli ya basi ya kwenda nyumbani wakati wa sikukuu yatutoa jasho. Mambo ya nani kalala na nani kakaa huko angani si ni mambo ya wakubwa?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba mambo hayo si ya wakubwa peke yao tena. Viwanda vyetu hununua mitambo India, China, Ulaya na Marekani. Mtambo ukinunuliwa, fundi hupelekwa kuufungua, kuufunga na kujifunza kuuendesha. Mkulima wa kitalu cha chai hupelekwa kuona mbegu mpya. Wanachama wetu wenyewe hutumwa mikutanoni. Tena, na hili ndilo kubwa, swali linalofichwa ndani ya tiketi ya ndege ni lile lile linalomhusu mchuma chai anayesubiri mizani saa nzima bila malipo. Swali lenyewe ni hili: saa anazokupotezea mwajiri, ni saa za nani?

Shabaha ya somo hili ni kutufundisha mambo matatu. La kwanza, madaraja ya ndege yalitokana na nini. La pili, safari ndefu hufanya nini katika mwili wa mtu anayetakiwa kufanya kazi akishafika. La tatu, chama kidai nini, na kisidai nini.

1. HABARI YA FUNDI MMOJA

Ndugu mmoja, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, alitueleza safari yake. Kiwanda chake kilikuwa kimenunua mashine zilizotumika huko Marekani. Ilikuwa mwezi wa Novemba. Akatumwa yeye pamoja na meneja wake kwenda kuzifungua na kuzipakia.

Alitoka nyumbani Jumapili saa 6 mchana. Akaenda kwa gari hadi Entebbe, jioni akapanda ndege ya Nairobi, na karibu saa 6 usiku akaingia katika ndege ya New York. Meneja aliketi mbele, katika daraja la biashara. Fundi aliketi nyuma, kiti cha katikati, baina ya watu wawili. Muda wa saa 15 alikuwa hapo. Alisinzia na kuamka, akasinzia na kuamka.

Walipotua New York ilikuwa Jumatatu asubuhi saa 1. Nyumbani ilikuwa saa 9 alasiri. Baada ya ukaguzi wa pasi wakapanda gari, wakafika kiwandani saa 6 mchana. Meneja akasema amechoka, akaenda hotelini hadi kesho yake. Fundi akaambiwa aanze mara moja, maana watu wa kubeba mizigo walikuwa wamekodiwa kwa siku. Akaanza saa 8 mchana. Saa 10 jioni kidole chake kikaingia katika magurudumu ya meno na kukatika kwenye kifundo cha kwanza.

Sasa tufanye hesabu. Alitoka nyumbani saa 6 mchana, akafika kiwandani saa 6 mchana. Kwa saa ya ukutani ni siku moja kamili, yaani muda wa saa 24. Lakini saa ya Uganda iko mbele ya saa ya New York kwa muda wa saa 8 mwezi huo. Mwili wake ulikuwa njiani muda wa saa 32. Alipoumia, kwa mwili wake ilikuwa saa 6 usiku wa manane, na ilikuwa saa 36 tangu afunge mlango wa nyumba yake.

Kiwanda kilimlipaje? Jumapili hakulipwa, maana ni siku ya mapumziko. Jumatatu alilipwa nusu siku, maana alianza kazi baada ya saa 6 mchana. Na katika ripoti ya ajali paliandikwa: "Hakuwa mwangalifu."

Fundi huyo alituambia neno moja la kukumbukwa: "Mimi sikutaka kunyweshwa mvinyo kama bwana. Nilitaka kulala kabla ya kushika spana."

Ndugu, neno hilo ndilo somo letu lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

2. MADARAJA YALITOKA WAPI

Wazee wetu waliosafiri kwa reli wanayajua madaraja. Mabehewa yalikuwa ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, na katika siku za ukoloni kila mtu alijua rangi ya watu wa kila behewa. Ndege nazo zilifuata njia hiyo, ila huko mtenganishaji alikuwa fedha.

Hapo mwanzo ndege za kuvuka bahari zilikuwa za matajiri. Mwaka 1952 mashirika ya ndege yalikubaliana kuuza viti vya nauli nafuu zaidi kati ya Ulaya na Amerika, yakaviita daraja la watalii. Mwaka 1958 likaja daraja la kawaida, ambalo wengi huliita ekonomi. Basi wakati huo palikuwa na mafungu mawili: daraja la kwanza mbele, na ekonomi nyuma.

Katika miaka ya 1970 ndege zikawa kubwa, na viti vingi vikauzwa kwa bei ya kutupa ili ndege ijae. Hapo wasafiri wa makampuni wakanung'unika. Wao walilipa nauli kamili, lakini waliketi pamoja na mtalii aliyelipa nusu yake. Mwaka 1978 British Airways na Pan Am yakawatenga wasafiri hao katika sehemu yao, na Qantas ikafuata mwaka 1979. Hilo ndilo daraja la biashara. Mwanzoni tofauti haikuwa kubwa: kiti kipana kidogo, kinywaji, na utulivu. Vitanda vya kulala sawasawa vilikuja baadaye. British Airways iliviweka katika daraja la biashara mwaka 2000.

Angalia hapo, ndugu. Daraja la biashara halikuanzishwa kwa sababu daktari alisema watu wamechoka. Lilianzishwa kwa sababu ya yule anayelipa. Na anayelipa si msafiri, ni kampuni. Kampuni huiandika tiketi katika gharama za uendeshaji, na gharama hizo huondolewa kabla ya faida kuhesabiwa kodi. Kwa hiyo kitanda cha meneja angani kimo katika daftari lile lile ambalo sisi huonyeshwa kila tunapodai ovataimu na kuambiwa: "Tazameni wenyewe, fedha hakuna."

3. SAFARI NDEFU KUPITA KIASI

Watu wa ndege huziita safari za zaidi ya saa 16 kuwa ndefu kupita kiasi. Tutoe mifano michache.

Ndege ya Singapore Airlines kutoka Singapore hadi New York huenda kiasi cha kilomita 15,300, na huwa angani karibu muda wa saa 18 au 19. Safari hiyo ilianza mwaka 2004. Mwaka 2008 shirika liliondoa viti vyote vya bei nafuu, likaacha viti 100 vya daraja la biashara tu. Mwaka 2013 ikasimamishwa, kwa kuwa ndege ile ya injini nne ilikula mafuta mno. Mwaka 2018 ikarudi kwa ndege ya injini mbili yenye viti 161: 67 vya biashara na 94 vya daraja la kati. Ekonomi ya kawaida haimo kabisa. Sababu ya kwanza ni hesabu ya fedha: ndege yenye kubeba mafuta ya safari hiyo lazima iwe na watu wachache wenye kulipa zaidi.

Australia walifanya vingine. Machi 2018 Qantas ilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Perth hadi London, kiasi cha kilomita 14,500 na muda wa saa 17. Ndege yao iliwekwa viti 236, na kati ya hivyo 166 vilikuwa vya ekonomi. Kwa hiyo upande mmoja shirika lasema ekonomi haifai kwa safari hiyo, na upande mwingine shirika lauza ekonomi kwa wengi.

Huku kwetu, Oktoba 2018 Kenya Airways ilianzisha safari ya Nairobi hadi New York, kiasi cha saa 15 kwenda na 14 kurudi. Haikufika ile saa 16, lakini mtu wa Kampala, Kigali au Bujumbura akiongeza safari ya kufika Nairobi na ya kutoka New York, muda wake waipita mbali. Ndege zake za aina ya 787 zina viti 30 vya biashara na 204 vya ekonomi. Kiti cha ekonomi katika ndege kama hizo kina upana wa sentimita 43 au 44 hivi, na kutoka kiti hadi kiti cha mbele ni kiasi cha sentimita 80. Kitanda cha mbele kina urefu wa karibu mita mbili. Nauli ya mbele mara nyingi ni mara tatu au nne ya ile ya nyuma, na pengine hupita.

4. MWILI HAUJUI CHEO

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana habari nyingi za uongo husemwa.

Wengi wamesikia juu ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, donge likapanda hadi mapafuni na kuua. Watu waliupa ugonjwa huo jina la ekonomi, kana kwamba hutokana na kiti cha bei nafuu. Ukweli ni kwamba hutokana na kukaa bila kujongea. Mwaka 1940, London ilipopigwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika juu ya watu waliokufa kwa ugonjwa huo baada ya kulala wamekaa vitini katika mahandaki ya kujificha. Hakuna aliyepanda ndege hapo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2007. Lilisema kwamba hatari huongezeka kiasi cha mara mbili kwa mtu aliyesafiri saa nne au zaidi akiwa amekaa, iwe kwa ndege, kwa basi, kwa gari au kwa treni. Hata hivyo hatari yenyewe ni ndogo: kiasi cha mtu mmoja katika kila 6,000 kwa safari za ndege za zaidi ya saa nne. Wataalamu wameona pia kwamba mtu wa kiti cha dirishani yumo hatarini zaidi, kwa kuwa huona haya kuwasumbua wenzake na hivyo hainuki. Basi dawa ni kuinuka, kutembea, kukunja na kukunjua miguu, kunywa maji, na kuomba kiti cha kando ya njia. Dada anayekaa kwenye cherehani ya kiwanda kutwa nzima alichukue somo hilo pia. Mwenye mimba, aliyepasuliwa karibuni, au aliyewahi kupata ugonjwa huo amwone daktari kabla ya safari.

Kuhusu hewa, ndani ya ndege ni kama kukaa juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, kufuatana na aina ya ndege. Wenzetu wa mashamba ya chai ya nyanda za juu wanaishi hivyo kila siku. Ila hewa ya ndege ni kavu sana, ndiyo maana midomo hupasuka na macho huwasha.

Jambo kubwa, ndugu, ni usingizi. Mwaka 1997 wachunguzi Dawson na Reid walitoa matokeo ya majaribio yao. Walimlinganisha mtu aliyekosa usingizi na mtu aliyelewa. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu ambaye damu yake ina kileo cha asilimia 0.05. Hicho ni kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva akikutwa nacho hukamatwa. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Meneja gani angempa spana fundi aliyelewa namna hiyo? Lakini fundi aliyekosa usingizi hupewa, na akiumia huitwa mzembe.

Tena kuna mambo ya saa za mwili. Mtu akivuka nchi nyingi upesi, mwili hubaki katika saa za nyumbani. Kwa kawaida huhitaji kiasi cha siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ili utulie. Kwa tofauti ya saa 8 hiyo ni wiki nzima. Hapa daraja la biashara halisaidii: aliyelala kitandani na aliyekaa kitini wote wawili huamka usiku wa manane.

Basi tuseme wazi faida ya kitanda cha ndege ni nini. Haiponyi tofauti ya saa. Haikuondolei haja ya kuinuka na kutembea. Inampa mtu nafasi ya kulala, basi. Na mashirika ya ndege yalijua hilo kwa wafanyakazi wao wenyewe zamani. Katika ndege ya Singapore hadi New York huwa na marubani wanne, ili wapokezane, na wanaopumzika wana vitanda vya kulala mahali pao. Wanalala kwa sababu sheria na vyama vyao vimekubali kwamba mtu atakayeshika usukani hawezi kupumzika kwa kukaa. Hakuna anayesema marubani wanajidai. Basi kwa nini anayekwenda kushika mtambo aonekane anajidai?

5. SAA ZA SAFARI NI ZA NANI?

Hapa ndipo kiini cha somo. Kiti kizuri kinaweza kusahauliwa. Saa zilizopotea bila malipo hazisahauliki.

Tutazame kesi iliyoamuliwa Ujerumani. Mwaka 2015 kampuni ya ujenzi ilimtuma mfanyakazi wake wa ufundi kwenda China, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Njia fupi ilikuwa ndege ya moja kwa moja, daraja la ekonomi. Mfanyakazi aliomba daraja la biashara lenye kupitia Dubai, na kampuni ikamkubalia. Kwa siku nne za kwenda na kurudi, kampuni ilimlipa saa 8 kila siku, jumla euro 1,149.44. Yeye akadai malipo ya saa 37 zaidi, akisema muda wote wa njiani alikuwa kazini.

Mahakama ya kwanza ilimkatalia. Ya pili ikamkubalia. Tarehe 17 Oktoba 2018 Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo ikatoa uamuzi wenye pande mbili. Upande wa kwanza: mwajiri akimtuma mtu nchi ya nje kwa muda, safari ya kwenda na kurudi ni kwa faida ya mwajiri, na saa zake hulipwa kama kazi. Upande wa pili: saa zitakazolipwa ni zile za lazima tu, na kwa kawaida ni zile za ndege ya ekonomi. Kesi ikarudishwa mahakama ya pili ili saa za lazima zihesabiwe.

Ndugu, huo ni uamuzi wa kusomwa mara mbili. Mfanyakazi alipata haki ya saa, lakini saa zilizoongezeka kwa sababu ya kutaka kiti kizuri zikawa si mzigo wa mwajiri. Maana yake ni kwamba ukiweka mbele kiti, unaweza kupoteza saa. Ukiweka mbele saa, una msingi wa kudai hata kiti.

Iceland nako palikuwa na shauri. Mkaguzi wa ndege, mtumishi wa serikali, alitumwa Israel na Saudi Arabia. Julai 2021 Mahakama ya EFTA ilisema kwamba muda wa lazima wa kusafiri kwenda mahali pasipo kituo chake cha kawaida, kwa amri ya mwajiri, ni muda wa kazi, hata kama amekaa tu ndani ya ndege. Kabla yake, Septemba 2015, Mahakama ya Ulaya ilikuwa imeamua shauri lililoletwa na chama cha wafanyakazi cha Hispania, Comisiones Obreras. Mafundi wasio na kituo maalumu walikuwa wakiendesha gari kutoka nyumbani hadi kwa mteja wa kwanza bila saa hizo kuhesabiwa. Chama kilishinda.

Hukumu hizo si sheria ya huku kwetu. Lakini hoja hazihitaji pasi ya kusafiria. Tena zina mizizi mirefu. Mkataba Na. 30 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaohusu maduka na ofisi, unasema saa za kazi ni muda ambao mtu yuko chini ya matakwa ya mwajiri. Yule fundi katika kiti cha katikati, angeweza kwenda shambani kwake? Angeweza kumpeleka mtoto hospitali? Hakuweza. Basi alikuwa chini ya nani?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na saa zinazozidi hulipwa angalau mara moja na nusu. Saa 32 za fundi wetu ni theluthi mbili za wiki hiyo, na bado hajashika kazi. Ukiongeza za kurudi, zinapita wiki nzima.

Na wewe wa shamba la chai au la miwa, usilale. Saa unayokaa juu ya trela la trekta kwenda kitalu cha mbali, saa unayosubiri mizani na gunia limejaa, saa unayosimama mvua ikinyesha kwa amri ya nyapara: hizo nazo ni saa za mwajiri. Chama kikishinda kwa msafiri mmoja wa ndege, kimeweka msumari wa kutundikia madai ya mia mbili wa trela.

6. CHEO AU SAA?

Makampuni mengi yana kanuni ya safari, na kanuni hiyo hutazama cheo. Mkurugenzi mbele, fundi nyuma, hata wakiwa safari moja, hata kama mkurugenzi anakwenda kula chakula na fundi anakwenda kuingiza mkono ndani ya mashine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetunga kanuni hiyo hajawahi kuketi saa 15 katika kiti cha katikati na kisha kuanza kazi.

Kuna njia nyingine. Kanuni za safari za watumishi wa serikali ya Marekani huruhusu daraja la biashara iwapo safari ya nje, pamoja na vituo vyake, inazidi saa 14, na mtumishi anatakiwa kazini kesho yake au mapema zaidi. Lakini akitumia kitanda hicho hapewi tena mapumziko ya njiani au ya kufikia kwa gharama ya serikali. Kwa maneno mafupi: kitanda au mapumziko, chagua kimoja. Kanuni hiyo haitazami mtu anaitwa nani. Inatazama saa, na inatazama kazi inayomngoja.

Kwa viwanda vyetu hilo ni jambo la maana sana. Meneja atasema kiwanda hakina nauli ya mara nne, na pengine atakuwa anasema kweli. Basi aulizwe bei ya usiku mmoja katika nyumba ya wageni na mshahara wa siku moja. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya tofauti ya tiketi mbili, nayo inalinda kidole kama kitanda kinavyolinda. Hapo hataweza kusema fedha hakuna, hasa kama yeye mwenyewe alikwenda mbele.

7. NA VIONGOZI WA CHAMA JE?

Hatuwezi kumnyooshea meneja kidole na kuwaficha viongozi wetu. Kiongozi akisafiri kwa michango ya wanachama, tiketi yake imetoka katika mfuko wa mchuma chai.

Jirani zetu wa Tanzania walilitazama jambo hili mwaka 2015. Rais John Magufuli, akifungua Bunge mwezi Novemba, alieleza kwamba safari za nje za serikali na mashirika yake katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15 ziligharimu shilingi bilioni 356.3, na kati ya hizo tiketi za ndege peke yake zilikula zaidi ya bilioni 183. Mwezi huo huo watumishi walizuiwa kusafiri daraja la kwanza na la biashara, isipokuwa Rais, Makamu na Waziri Mkuu.

Wananchi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini tuone pia upungufu wake. Amri hiyo nayo ilitazama cheo: iliwabakizia kiti wale watatu wa juu, na haikusema neno juu ya saa za yule wa chini akishafika. Kukata anasa ni jambo jema. Kuhesabu saa ni jambo jingine, na halifanyiki lenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya chama iwe ile ile tunayoidai kwa mwajiri. Kiongozi aende ekonomi, afike siku moja kabla ya mkutano, alale, aingie mkutanoni na akili timamu. Na hesabu ya safari yake isomwe mbele ya wanachama.

8. TUDAI NINI

Kila tawi litakapokaa na mwajiri juu ya mkataba mpya, liweke kifungu cha safari za kazi chenye mambo haya:

(a) Saa za safari zihesabiwe tangu mtu atoke nyumbani hadi afike pa kulala, na zilipwe. Zikiangukia siku ya mapumziko, apewe siku nyingine.

(b) Safari ikizidi saa 14, mfanyakazi apate kitanda ndani ya ndege, au siku nzima ya kupumzika akishafika. Mwajiri achague njia, lakini asikwepe zote mbili.

(c) Mtu asishike mtambo, gari wala umeme kabla ya kulala usiku mmoja kamili, hata kama alikuwa na kitanda angani.

(d) Wanaosafiri pamoja kwa kazi moja wafuate kanuni moja, bila kujali cheo.

(e) Nauli, bima na matibabu ya safari visikatwe katika mshahara.

(f) Ajali yoyote ya ugenini iandikwe pamoja na idadi ya saa alizokuwa njiani. Neno "uzembe" lisikubaliwe mpaka saa hizo zimehesabiwa.

Tusidai mvinyo, wala zulia, wala kuitwa mabwana. Tukidai hayo, mwajiri atatucheka, na wenzetu wa shambani watatuona tumewasahau. Tudai saa na usingizi. Hayo kila mfanyakazi anayaelewa, awe ndani ya ndege au juu ya trela.

Ndugu yetu fundi bado yuko kazini. Mkono wake wa kushoto hufanya kazi ukiwa na upungufu. Tawi lake limeomba ripoti ile ya ajali ifunguliwe upya, na saa 36 ziandikwe ndani yake.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kiwanda au shamba lenu, ni saa gani ambazo mtu yuko chini ya matakwa ya mwajiri lakini halipwi? Ziorodhesheni.

2. Mfanyakazi wa Ujerumani alishinda nini na alikosa nini? Mngemshauri aombe nini kabla ya kusafiri?

3. Je, kuna mwenzenu aliyetumwa mbali kwa kazi mwaka huu, kwa ndege, kwa basi au kwa lori? Alianza kazi baada ya muda gani? Alilala wapi?

4. Kwa safari moja kama hiyo, fanyeni hesabu: bei ya tiketi ya mbele, bei ya tiketi ya nyuma, na bei ya siku moja ya kupumzika. Mwajiri ana sababu gani ya kukataa?

5. Kiongozi wa chama akisafiri kwa fedha za chama, nani apitishe safari, na hesabu isomwe lini?

Mwakilishi wa kila idara aandike majibu, ayalete katika kikao cha tawi kabla ya mazungumzo ya mkataba.